Mgeni Hasindikizwi kwa Gari

Nimeikuta reflekta ya baba kwenye gereji, imening'inia msumarini nyuma ya koleo la theluji, na rangi yake ya manjano bado inaumiza macho. Mama anahama. Anakwenda Brooklyn Park, karibu na watu wa kanisa lake, kwa sababu nyumba hii ya Apple Valley, huku Marekani, imekuwa kubwa mno tangu baba afariki, na mimi nimekuja kumsaidia kufunga mizigo. Nilikuwa natafuta makasha tu. Lakini nilipokishika kile kizibao chenye mistari ya kung'aa, kama wanavyovaa watu wa kutengeneza barabara, harufu ya plastiki na vumbi ikanipanda puani, na hasira nayo ikapanda nyuma yake. Baba hakutengeneza barabara hata siku moja. Alikuwa akifua mashuka ya hoteli kule Bloomington, na reflekta hii alipewa ili aweze kutembea mtaani kwake mwenyewe.

Kabla sijaendelea kukasirika, nieleze kwanza kusindikiza, maana kuna wenzangu tuliokua pamoja huku ambao wamelelewa kwenye viti vya nyuma vya magari na hawajawahi kumsindikiza mtu zaidi ya kumfungulia mlango. Kwetu Uvira, na hata kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu nilikozaliwa, mgeni haondoki peke yake. Akiaga anaambiwa akae kidogo. Akiaga tena anaulizwa ana haraka gani, kwani ameacha nini jikoni? Akishasimama kabisa ndipo mwenyeji anapotafuta viatu vyake, na mnatoka pamoja, mnatembea polepole, mnasimama, mnacheka, mnaendelea.

Baba alikuwa na sheria zake za jambo hili na hakukubali kubishana. Mgeni hasindikizwi kwa gari, hata kama gari lipo na lina mafuta. Na mgeni hafikishwi kwake. "Ukimufikisha mutu mpaka kwake haukumusindikiza," alikuwa akisema, "umemupeleka. Kusindikiza ni nusu ya njia. Nusu ingine ni yake." Sheria nyingine hakuisema kwa mdomo, niliiona mwenyewe nikiwa nimeshikwa mkono katikati ya wakubwa: neno lililomleta mgeni halisemwi sebuleni. Sebuleni mnakula, mnaulizana habari, mnataniana. Neno lenyewe, ndoa inayoyumba au kazi iliyopotea au mtoto asiyeambilika, linatoka njiani, wakati watu wanatazama mbele na hawatazamani usoni.

Hata nyumba hii aliichagua kwa sababu hiyo. Tulikuwa tukiishi kwenye ghorofa kule Saint Paul, na baba alikuwa akitafuta mahali karibu na kazi. Siku tuliyokuja kuiona, mchana wa Jumapili, ng'ambo ya barabara kulikuwa na wazungu wanaagana. Bibi mmoja mwenye nywele fupi nyeupe alikuwa anamuaga kijana wake, na jirani yake alikuwepo. Wakaagana mlangoni. Wakatoka wakaagana kwenye gari. Kijana akaingia, akawasha gari, akashusha kioo, na yule bibi akaegemeza kiwiko dirishani, wakaanza mazungumzo upya. Sisi tukaingia ndani, mama akafungua makabati yote ya jikoni, akauliza kuhusu joto la nyumba, akajaribu mabomba ya maji. Tulipotoka walikuwa bado pale pale, injini inaunguruma.

"Mama Mapendo, angalia!" baba alisema, na sijui kama nimewahi kumwona na furaha ya namna ile. "Hawa nao banasindikiza! Hawa ni batu."

Mama alitaka kuzungumzia kodi. Baba alikuwa ameshahamia.

Mgeni wetu mkubwa alikuwa mjomba Espoir, kaka yake mama, ndugu pekee aliyekuwa naye nchi hii. Alikuwa akisafisha vyumba vya hoteli karibu na uwanja wa ndege, akikaa Bloomington na vijana wenzake, na hakuwa na gari. Jumapili baada ya ibada alikuwa anapanda basi linalopita kwenye lile duka kubwa la huko, anashuka barabara kuu, anatembea mpaka kwetu na suruali yake ya kanisani iliyopigwa pasi mpaka ukaona mstari. Akishakula na kuaga mpaka akachoka kuaga, baba anavaa koti, mimi navaa langu, tunatoka.

Nusu ya njia ilikuwa kwenye bomba jekundu la zimamoto, pale barabara inapopinda. Hapo ndipo tulipotakiwa kuachana. Lakini mara nyingi neno lilikuwa halijaisha, na mjomba alikuwa anasema, "Basi shemeji, na mimi nikurudishe kidogo." Tunarudi mpaka karibu na nyumba. Baba anasema haiwezekani mgeni amrudishe mwenyeji halafu aende peke yake, tunageuka tena. Tulikuwa tunakwenda na kurudi mtaa ule ule, mbele ya nyumba zile zile, wanaume wawili weusi na mtoto, tukitembea pole pole kama watu waliopoteza ufunguo.

Gari la polisi lilianza kuja majira ya kupukutika majani. Halikuwasha king'ora, halikusema kitu, lilitembea nyuma yetu kwa mwendo wetu wenyewe. Tukisimama, linasimama. Mimi nililifurahia kupita kiasi. Kambini nilikuwa nimeona wakubwa wa misaada wakija na msafara, na kila mkubwa alikuwa na gari la polisi, na ukubwa wa mtu ulipimwa kwa gari hilo. Kwa hiyo nilielewa mara moja: Marekani wanamheshimu mgeni kiasi cha kumpa polisi amsindikize. Niligeuka nikawapungia mkono. Baba akanivuta taratibu nitazame mbele, kiganja chake kina jasho ingawa kulikuwa na baridi. Shuleni niliwatambia wenzangu kwamba mjomba wangu huondoka na polisi, na mwalimu alinitazama kwa namna ambayo nimeielewa mwaka juzi tu.

Nyumbani nilimwambia mama vile vile. Alikuwa anaosha vyombo. Akamtazama baba, baba akamtazama yeye.

"Umuache," baba alisema. "Umuache afurahi kidogo."

Halafu ikaja ile jioni ya baridi. Theluji ilikuwa imesukumwa pembeni ya barabara, na mjomba, ambaye hakuwahi kukubali kwamba nchi hii ina baridi ya kudumu, alikuja bila glavu. Alikuwa anatembea mikono mfukoni. Tulikuwa tumefika kwenye bomba jekundu tunataka kugeuka, gari likaja, na safari hii likawasha taa zake zote, nyekundu na buluu, mpaka theluji ikabadilika rangi. Nikaruka kwa furaha. Nilidhani leo wametuwashia taa.

Polisi akashuka akapaza sauti, mikono itoke mfukoni. Kisha akamwambia mjomba akae chini. Pale, kwenye ukingo wa barabara, juu ya theluji. Mjomba akakaa na suruali yake ya kanisani. Baba alisimama kando, viganja wazi, na mimi nikawa mkalimani kwa sababu Kiingereza changu cha shule ndicho kilichokuwa kizuri zaidi kati yetu.

"Mnafanya nini hapa?"

"Baba anamsindikiza mgeni."

"Mgeni anakaa wapi?"

"Bloomington."

"Mmepita nyumba hizi mnakwenda mnarudi. Mnatafuta nini?"

Nikamuuliza baba. Baba akaeleza kwa utulivu jambo lote: kwamba mgeni akisema nikurudishe, huwezi kukataa, na ukikubali, huwezi kumwacha arudi peke yake. Nikajitahidi kulisema hivyo hivyo. Polisi alinisikiliza kama unavyomsikiliza mtoto anayedai hakula sukari na midomo yake inang'aa.

"Kwa nini asimpeleke tu kwa gari?"

"Baba anasema mgeni hasindikizwi kwa gari."

Alichukua vitambulisho, akaingia garini kwake kwenye joto, akakaa. Akarudi akasema kuna mtu alipata wasiwasi akapiga simu, basi, jioni njema. Mjomba alipoinuka suruali ilikuwa imelowa nyuma yote. Nyarugusu, kama nyumba ina kigoda kimoja, mgeni ndiye anayekikalia na baba mwenye nyumba anasimama. Nilimtazama mjomba anavyojipangusa, nikajua bila kuambiwa na mtu kwamba huu haukuwa msafara, na kwamba haujawahi kuwa. Niliona aibu ya kule kupunga mkono kwangu mpaka nikataka kulia, na sikulia kwa sababu hakuna aliyekuwa analia.

Aliyelia ni Marlys, kesho yake, jikoni kwetu. Marlys ndiye jirani wa ukuta mmoja na sisi, mwalimu mstaafu wa muziki. Tulikuwa tunasikia piano yake wakati wa chakula. Alikuwa ameona yote dirishani. Alikuja na mkate wa ndizi bado wa moto, akaketi, akaanza kutetemeka mabega. Mama alikuwa ametoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunza wazee na hata kulala hajalala. Akaweka maji ya chai. Akatafuta karatasi za kupangusia machozi. Akamsugua mgongo.

"Anasema nini?" mama aliniuliza.

"Anasema kanisani kwao wana kikundi cha kusoma, na wamesoma kwamba kuna kitu amepewa bure kwa sababu ya ngozi yake, na sisi hatukupewa. Anasema alikuwa hajui anacho."

"Mu huu umri wote?" Mama akaendelea kumsugua mgongo. "Mapendo, umuulize nani alikalishwa mu theluji, yeye ao kaka yangu?"

Hilo sikulitafsiri. Niseme haki: mtaa mzima ulikuwa na madirisha, na aliyekuja ni yeye peke yake. Nimejikumbusha hilo miaka yote, na bado halinitulizi.

Ndipo akaitoa ile reflekta kwenye mfuko. Kila mtu amwone baba, alisema, ajue kwamba hana cha kuficha. Baba aliipokea kwa mikono miwili kama zawadi inavyopokelewa, na Jumapili iliyofuata aliivaa kwa heshima ya aliyempa. Mjomba alicheka mpaka akashika ukuta. "Shemeji, ulipata kazi ya barabara? Uniingize na mie!" Polisi hawakuja siku hiyo. Lakini mzungu mmoja alisimamisha gari, akashusha kioo, akamuuliza baba lini litazibwa shimo lililoko mbele ya nyumba yake. Na baba, kwa ule upole wake ambao wakati mwingine ulinitia wazimu, akaenda kulitazama hilo shimo. Aliporudi nyumbani aliivua reflekta, akaitundika kwenye msumari, na hakuigusa tena.

Marlys hakukata tamaa. Akasema basi atatembea na sisi. Na kweli akatembea. Kila mjomba alipokuja, yeye alikuwa anaona koti la baba dirishani, anatoka na kofia yake ya sufu, anajiunga. Na gari la polisi halikuonekana tena. Wenye magari walipunguza mwendo, wakatupungia mkono. Ilikuwa kama amebeba mwavuli na sisi sote tumeingia chini yake. Watu wa kikundi chake cha kusoma wakimsikia akilisimulia hilo walikuwa wanatikisa vichwa kwa uchungu, na baba aliwahi kualikwa huko, akavaa suti, akakalishwa katikati, akaulizwa anajisikiaje. Akajibu, "Nataka kusindikiza wageni wangu." Wakamshukuru sana kwa ujasiri wake. Tukapewa na keki ya kwenda nayo.

Lakini fikiria njia yenyewe ilivyokuwa. Marlys alikuwa katikati, anamuuliza mjomba kama anapenda theluji. Anauliza wamezaliwa wangapi. Anauliza chakula cha kwao kinaitwaje, na mimi natafsiri ugali mpaka ulimi unakauka. Alikuwa anauliza kwa moyo safi, wala sisemi vinginevyo. Tulikuwa tunafika kwenye bomba jekundu tukiwa tumemaliza majina ya vyakula vyote, mjomba anaagana na kila mtu kwa mkono, anakwenda. Hakuna tena kurudishana. Nilimwona zaidi ya mara moja akifungua mdomo kumwelekea baba, akamtazama Marlys, akaufunga.

Alikuwa na neno. Tulilijua kwa simu, kutoka Iowa. Alikuwa ameshahama, ameshaanza kazi kwenye kiwanda cha nyama, ameshapata chumba. Mama alikuwa amesimama na simu sikioni, mkono mwingine umeshika meza.

"Mbona haukusema, Espoir? Kila Jumapili ulikula hapa. Mbona haukusema?"

Sauti ya mjomba ilisikika hata pale nilipokaa. "Ningesemea wapi, dada?"

Mama alilia siku ile kama nilivyokuwa sijawahi kumsikia, na Marlys, aliyesikia kupitia ukutani, akaja. Baba akaniambia nimweleze. Nikamweleza: mjomba ameondoka, na tangu ile jioni ya theluji hakuwa na raha mtaani hapa. Akaweka mkono kifuani, akasema pole, pole sana, halafu akasema, kama mtu anayetafuta cha kufariji, kwamba Bev hana nia mbaya, ni mwoga tu tangu afiwe na mume, akiona watu asiowajua anapiga simu polisi kabla hajafikiri.

Nikalitafsiri hilo lote mpaka mwisho ndipo nikasikia nilichosema. Bev alikuwa yule bibi wa ng'ambo ya barabara mwenye nywele fupi nyeupe, aliyeegemea dirisha la gari la mwanawe siku baba alipoipenda nyumba hii. Kila jioni, mvua isiponyesha, yeye na Marlys walikuwa wanatembeza mbwa pamoja, wakipita mbele ya nyumba yetu wanacheka.

"Anamujua," mama alisema polepole. Machozi yalikuwa yamekatika. "Papa Mapendo, anamujua! Siku zote anajua ni nani! Muulize, alimwambia?"

Nikamuuliza. Marlys akasema si rahisi. Wamekuwa marafiki tangu watoto wao wana nepi. Aliwahi kuligusia, kwa mbali, Bev akabadilisha mazungumzo.

Mama alikuwa na maneno, nayaona mpaka leo yalivyojipanga usoni mwake. Baba akamuwahi. Akasimama, akachukua koti. "Twende, mama," alimwambia Marlys kwa Kiingereza chake kidogo. "Ninakusindikiza."

Mlango wa Marlys ulikuwa upande wa pili wa ukuta. Kati ya mlango wetu na wake kulikuwa na majani tu na njia nyembamba ya zege. Lakini baba alitembea kama tunakwenda mbali, akisimama, akitazama mbele, na mimi katikati yao nikijua kabisa kwamba neno linakuja.

"Umwambie ninashukuru miguu yake," baba alisema. "Lakini anasindikiza batu wasiomuhitaji. Sisi hatuna shida na sisi. Mwenye woga iko kule." Hakunyoosha kidole, alielekeza kwa kidevu. "Banatembea pamoja kila siku. Njiani ndiko neno linasemwa. Amusindikize yule."

Nililisema vizuri. Sikupunguza kitu. Marlys alitazama taa ya mlango wa Bev kwa muda mrefu. Akasema Bev ndiye mtu pekee aliyebaki naye mtaani. Akimwambia kwamba anachofanya ni ubaguzi, Bev hatamfungulia tena mlango.

"Umwambie ninaelewa," baba alisema. "Espoir naye ameenda."

Na hapo hapo, katikati ya majani, akampa mkono, akageuka. Ilikuwa nusu.

Nilingoja. Hicho ndicho ninachokikumbuka zaidi ya polisi, zaidi ya theluji: kungoja. Kila jioni nilikuwa napanda kwenye kiti karibu na dirisha, naona mbwa kwanza, halafu wao wawili. Nilisoma migongo yao. Wakisimama nilidhani ndiyo sasa, anasema sasa. Kumbe mbwa tu anajisaidia. Wakicheka nilitaka kuvunja kioo. "Leo alisema?" mama alikuwa akiuliza kutoka jikoni, mwanzoni kwa matumaini, halafu kwa mzaha, halafu akaacha kuuliza. Mikate ya ndizi iliendelea kuja. Kwenye bustani yake Marlys alichomeka bango zuri la rangi nyingi lililosema kila mtu anakaribishwa hapa. Lilikuwa linaelekea barabarani. Bev alilipita na mbwa kila siku.

Na baba akaanza kuwaaga wageni mlangoni. Watu walidhani amezeeka, au amekuwa Mmarekani. Alikuwa anasimama kizingitini na soksi, anasema karibuni tena, anafunga. Baada ya kufunga alibaki ameshika kitasa, kama mtu aliyesahau kitu nje. Alikufa bila kumsindikiza tena mtu mtaa huu. Kwenye msiba Marlys alizungumza vizuri kuliko wote, alitoa watu machozi, na alileta pia bakuli kubwa la viazi na jibini. Limetoka kwa Bev, alisema. Mama alilipokea, akalifunika, akaliweka juu ya friji, na huko ndiko lilikochachia.

Sasa leo nimesimama kwenye gereji na reflekta mkononi, na nani anakuja akipita kwenye majani na fimbo yake? Amezeeka Marlys, lakini macho yake yako vile vile.

"Mliitunza," alisema, akaigusa, na nikaona amefurahi.

Nikamuuliza papo hapo, kwa sababu mimi si mpole kama baba. "Ulimwambia?"

Hakujifanya kutoelewa, hilo nalo nampa. Akasema, "Mapendo, mpenzi, Bev amezeeka sasa. Itasaidia nini?" Halafu akasema kwamba amejifunza mengi mno kutoka kwa familia yetu, kwamba tumemfanya kuwa mtu mwingine.

"Hatukuwa shule," nilimwambia. "Baba alitaka kumsindikiza shemeji yake. Basi. Alikuomba kitu kimoja, mimi ndiye niliyekutafsiria, nilikuwa mtoto, na nilikaa dirishani nikikungoja mpaka nikakua."

Alifungua mdomo, na macho yake yakaanza kulowa, na nikaona tunavyorudi kule kule, kwenye chai na karatasi za kupangusia machozi. Mama alikuwa ametokea kwenye mlango wa ndani, kasha mikononi. Alisema kwa Kiswahili, bila hasira, kama anayetoa habari ya hali ya hewa, "Wanaoingia hapa wiki ijayo wana batoto wawili wanaume, weusi kama sisi. Mwenye nyumba aliniambia ni warefu sana."

Nikamtafsiria. Kilio kilikwama njiani. Marlys alitazama barabara, kushoto mpaka kulia, kama anawaona hao wavulana wanavyotembea, pengine mikono mfukoni.

Nikavaa koti. Nikaweka reflekta mkononi mwake, ule usioshika fimbo. "Twende," nilimwambia, "nakusindikiza. Utamwonyesha hii, utamweleza ni ya nani na kwa nini alipewa."

Alikuja. Tulishuka njia ya gari taratibu kwa mwendo wa fimbo yake, tunatazama mbele. Gari moja lilikuwa linapita. Likapunguza mwendo, dereva akatupungia mkono. Katikati ya barabara nikasimama.

"Huji?" aliuliza.

"Nusu ni hapa."

Nilimpa mkono, nikageuka, nikarudi kwa mama. Aliweka kasha chini, akasimama pembeni yangu kwenye mlango wa gereji, akipangusia viganja kwenye kitenge. Ng'ambo, Marlys alikuwa amefika kwenye ngazi za Bev, amesimama, ule umanjano unawaka mkononi mwake hata mtu wa mwisho wa mtaa angeuona.

"Amegonga?" mama aliuliza.

"Bado."

"Haukumufikisha mpaka mulangoni?"

"Hapana, mama."

Akatikisa kichwa kukubali. Tukangoja kama tulivyozoea. Kisha tukasikia kengele ya mlango wa Bev.